Picha Ifike Upesi, Iondoke Upesi



Nimeombwa nizungumzie namna ya kuunda programu ya wavuti inayoonyesha picha papo kwa papo. Watu wanapiga picha kwa simu zao, wanazituma, na kila picha inajitokeza kwenye skrini ya wote bila mtu kuburudisha ukurasa. Skrini hizo mmeziona kwenye kumbi za harusi, kwenye mahafali na kwenye matamasha. Nitaeleza zinavyojengwa, hatua kwa hatua. Ila nimekuja na hoja moja, nami naitanguliza ili mnipime nayo hadi mwisho: programu ya aina hii haijakamilika mpaka picha iweze kutoka kwenye skrini kwa kasi ile ile iliyoingia nayo. Kuionyesha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo wengi wetu hatuijengi, ni kuitoa.

Njia ya kwenda

Wavuti haikuzaliwa kwa ajili ya mambo ya papo kwa papo. Tim Berners-Lee alipoandika pendekezo lake pale CERN mwaka 1989, alikuwa anatafuta namna ya watafiti kusomeana nyaraka. Ndiyo maana utaratibu wa HTTP uko hivi: kivinjari kinaomba, seva inajibu, mazungumzo yanakwisha. Seva haifungui mdomo mpaka iulizwe. Kwa waraka inatosha, kwa sababu waraka unausoma ulivyo. Kwa picha iliyopigwa sekunde tatu zilizopita haitoshi, maana kivinjari hakijui kwamba kuna kipya cha kuomba.

Dawa ya kwanza ilikuwa kuuliza tena na tena. Ni kama kumtuma mtoto bandarini kila baada ya dakika chache akaangalie kama boti ya Pemba imetia nanga. Mara nyingi atarudi na jibu lile lile: bado. Tufanye hesabu. Simu 200 zikiuliza kila baada ya sekunde 2, seva inapokea maombi 100 kwa sekunde. Sherehe inayochukua muda wa saa nne inatoa maombi 1,440,000, na karibu yote majibu yake ni "hakuna kipya". Kila ombi linabeba vichwa vya HTTP vyenye mamia ya baiti, na kila baiti inalipiwa na bando la mtu.

Kisha ikaja mbinu ya seva kulishikilia ombi bila kulijibu mpaka kitu kipya kitokee. Ilipunguza safari za bure, lakini ilibaki mbinu ya kuzungukia tatizo. Suluhisho lenyewe lilisanifishwa Desemba 2011, itifaki ya websoketi ilipochapishwa katika waraka RFC 6455. Kivinjari huanza kwa ombi la kawaida la HTTP na kuomba kubadili itifaki. Seva ikikubali hujibu kwa namba 101, na tangu hapo njia hubaki wazi pande zote mbili. Ujumbe mfupi kutoka kwa seva, usiozidi baiti 125, unaongezewa kichwa cha baiti 2 tu. Linganisheni na yale mamia.

Kuna njia nyingine rahisi zaidi ambayo vijana huiruka haraka mno: matukio yanayotumwa na seva, ambayo kivinjari huyapokea kupitia kitu kiitwacho EventSource. Hapo maneno yanatoka kwa seva kwenda kwa kivinjari peke yake, na muunganisho ukikatika kivinjari chenyewe hujaribu tena, kikitaja namba ya tukio la mwisho lililokifikia. Kwa skrini ambayo kazi yake ni kutazamwa tu, njia hii mara nyingi inatosha. Jihadharini na jambo moja: chini ya HTTP/1.1 vivinjari vikuu huruhusu miunganisho 6 tu kwa wakati mmoja kwa tovuti moja. Mtu akifungua vichupo saba vya ukurasa huo huo, cha saba kitasubiri.

Upande wa seva nako mambo yalibadilika. Mwaka 2009 Ryan Dahl alizindua Node.js, mazingira ya kuendesha JavaScript kwenye seva yanayoweza kushika maelfu ya miunganisho iliyo wazi bila kuupa kila mmoja uzi wake. Mwaka uliofuata Guillermo Rauch akatoa Socket.IO, maktaba iliyomwezesha hata anayeanza kutuma ujumbe kwa vivinjari vyote kwa mistari michache. Kivinjari kisipojua websoketi, maktaba ilirudi yenyewe kwenye mbinu za zamani.

Milango ya wengine

Wakati huo huo picha zenyewe zilikuwa zimepata makao. Instagram ilifunguliwa Oktoba 2010, na Februari 2011 ikawafungulia wasanidi programu API yake, yaani mlango ambao programu za wengine huchukulia data, ikiwa na sehemu ya papo kwa papo. Wengi wa rika langu walijifunzia hapo, nami nataka muone ilivyofanya kazi, kwa sababu muundo wake unafundisha hadi leo.

Uliiandikia Instagram kwamba unafuatilia kitu fulani: mtumiaji, alama ya reli, mahali, au eneo kwenye ramani. Uliipa pia anwani ya seva yako. Kabla ya kukukubalia, ilituma kwenye anwani hiyo neno la mtihani, na seva yako ilipaswa kulirudisha lilivyo. Hivyo hakuna mtu ambaye angeweza kuielekeza mvua ya ujumbe kwenye seva isiyo yake. Baada ya hapo, kila picha mpya ilipoingia ulipata taarifa. Taarifa hiyo haikubeba picha. Ilisema tu kwamba kuna kipya, na ni juu yako kwenda kukichukua. Msidharau mgawanyo huu. Habari kwamba kitu kipo na kitu chenyewe zilipita njia mbili tofauti, na nitaonyesha baadaye kwamba mgawanyo huo ndio unaotupa nafasi ya kukitoa.

Kuta za picha zikachipuka kila mahali. Kongamano linatangaza alama ya reli, watu wanaitumia, picha zao zinapita kwenye projekta. Lakini aliyeweka picha kwenye akaunti yake ili rafiki zake waione hakuwa ameulizwa kama anataka ioneshwe kwenye ukuta wa mita nne mbele ya watu asiowajua. Tulichukulia kwamba kilicho wazi ni cha wote. Mlango huo ukaanza kufungwa kidogo kidogo. Kuanzia Juni 2016 programu ambazo hazikuwa zimepitiwa na kukubaliwa ziliwekewa mipaka ya hali ya majaribio tu, na mwaka 2020 API ile ya zamani ikafungwa kabisa. Aliyekuwa amejenga biashara yake yote juu ya mlango wa mwingine alibaki nje.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza wa kiufundi ni huu: pokea picha kwa mlango wako mwenyewe, kutoka kwa mtu aliyeamua kuituma kwenye skrini hii, akijua ni skrini ipi na nani wataitazama.

Safari ya picha moja

Tuchukue ukumbi wa harusi Dar es Salaam. Juu ya kila meza kuna kikaratasi chenye msimbo wa QR. Ndafu inaingizwa kwa ngoma, watu wamesimama, na shangazi wa bibi harusi amepata picha nzuri. Anaelekeza kamera kwenye kikaratasi, ukurasa unafunguka, anachagua picha, anabonyeza "Tuma".

Simu yake ina kamera ya pikseli milioni 12, kwa hiyo picha ina upana wa pikseli 4032 na kimo cha 3024. Skrini ya ukumbi ina pikseli 1920 kwa 1080, yaani milioni 2 na ushee. Picha ni kubwa karibu mara sita kuliko skrini itakayoionyesha. Kuituma nzima ni kumlipisha shangazi bando kwa pikseli ambazo hakuna atakayeziona, na wageni mia wakifanya hivyo kwa pamoja mtandao wa ukumbi utakwama. Basi ukurasa wenyewe uipunguze picha ikiwa bado ndani ya simu, kisha uitume. Kivinjari kina uwezo huo, na kinachohitajika ni mistari michache tu.

Ndani ya faili hiyo mna mambo mengine ambayo shangazi hayaoni. Picha za simu hubeba taarifa za EXIF: aina ya simu, saa, na mara nyingi latitudo na longitudo ya mahali ilipopigwa. Desemba 2012 John McAfee, aliyekuwa akisakwa na polisi wa Belize, aligundulika kuwa yuko Guatemala kwa sababu jarida la Vice lilichapisha picha yake bila kuondoa taarifa hizo. Picha ya shangazi imepigwa ukumbini, mahali panapojulikana. Lakini mgeni mwingine atatuma picha aliyoipiga nyumbani kwake wakati bibi harusi akivishwa, na anwani ya nyumba hiyo itasafiri nayo. Futeni taarifa hizo, na mfute kwa mpangilio: kwanza someni alama ya mwelekeo, ambayo ina thamani kuanzia 1 hadi 8, mkaigeuze picha inavyotakiwa, ndipo mzifute. Mkianza kwa kufuta, nusu ya picha zitalala ubavu ukutani.

Picha ikifika kwenye seva, msiliamini jina la faili. Someni baiti zake za mwanzo. Faili ya JPEG huanza kwa FF, D8, FF. Isipokuwa hivyo, wala haiko katika aina nyingine mliyoikubali, ikataeni. Kumbukeni pia kwamba tangu 2017 simu za iPhone huhifadhi picha kwa muundo wa HEIC, ambao vivinjari vingi haviuonyeshi, kwa hiyo lazima igeuzwe. Kisha itengenezeni upya nakala ya skrini na kijipicha cha orodha, na mzipe majina marefu ya kubahatisha kwa kompyuta, yasiyofuatana. Mkiziita 1, 2, 3, kila mwenye udadisi atahesabu mpaka aone zote.

Hapo picha inakaa kwenye foleni ya kukaguliwa. Mtu mmoja mwenye busara aliyechaguliwa na kamati ya harusi ana simu mkononi: anaona kijipicha, anabonyeza "Ruhusu" au "Zuia". Kazi hiyo inamchukua sekunde mbili tatu. Wapo watakaosema hiyo si papo kwa papo tena. Nami nasema sekunde tatu za macho ya mtu hazijawahi kuiharibu sherehe.

Baada ya ruhusa, seva inatuma ujumbe kwa skrini zote. Ujumbe una namba ya picha na anwani yake, basi. Skrini inaichukua picha pembeni, inahakikisha imefika yote, ndipo inaionyesha, ili watu wasiione ikijichora nusu nusu. Shangazi anainua macho na kuiona ndafu yake ukutani. Ndugu walioko Muscat na London wanaofuatilia kwa kiungo wanaiona pia.

Hapa ndipo mafunzo mengi huishia, na ndipo mimi naanza.

Njia ya kurudi

Nyuma ya ndafu, kwenye picha ile ile, yuko binti ameketi. Huenda ameaga kazini kwamba anaumwa. Huenda anamkimbia mume aliyekuwa akimpiga, na hataki mtu ajue yuko mji gani. Huenda hapendi tu alivyotoka. Sababu si yetu kuipima. Anakwenda kwa mwanakamati na kusema: tafadhali itoe. Mwanakamati anabonyeza "Ondoa". Nini kinatokea?

Katika programu nyingi nilizopata kuzikagua, kinachotokea ni kidogo sana. Mstari mmoja unafutwa kwenye hifadhidata. Skrini ya ukumbi, ambayo ilikwisha pokea anwani ya picha, inaendelea kuizungusha mpaka mtu aifungue upya. Simu ya London nayo inaendelea. Faili yenyewe ingali kwenye hifadhi, na yeyote mwenye anwani anaipata. Kijipicha kipo. Nakala iliyowekwa karibu na watazamaji ili ipakuliwe haraka ipo pia. Programu ilikimbia wakati wa kuingiza, na wakati wa kutoa imekaa chini.

Kuijenga njia ya kurudi kunataka mambo manne.

La kwanza, "Ondoa" liwe tukio lenye hadhi sawa na "Onyesha". Lipite kwenye muunganisho ule ule, lifike kwenye skrini zile zile, na skrini iliyoonyesha picha iiondoe mara moja bila kusubiri zamu yake ipite. Twitter walilielewa hili mapema. Mtiririko wao wa papo kwa papo ulikuwa na ujumbe maalumu wa kutangaza kwamba chapisho limefutwa, na mwingine wa kutangaza kwamba mtumiaji ameamua kufuta taarifa za mahali alipokuwa. Wasanidi walitakiwa kuutii. Taarifa ya kufuta ilikuwa sehemu ya itifaki, haikuachwa iwe hisani ya msanidi.

La pili ni skrini iliyokatika. Ujumbe wa kuondoa unamfikia aliyeko mtandaoni, na mitandao yetu hukatika. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika kwa pamoja, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Haihitaji hata bahari: router ya ukumbi ikizimika dakika moja inatosha. Skrini inayorudi ikiendelea tu kusubiri matukio mapya haitajua kamwe kwamba kuna picha iliyoondolewa wakati yenyewe imekatika. Ndiyo faida ya namba ya tukio la mwisho niliyoitaja. Lakini mimi napendelea njia iliyo salama zaidi: kila skrini inaporudi, iombe orodha kamili ya namba za picha zilizoruhusiwa, na chochote kisichomo kiondoke. Picha 500 zenye namba za herufi 8 ni baiti elfu chache tu. Hakuna sababu ya kubania.

La tatu ni ruhusa yenye muda. Skrini isiporudi je? Ikae saa nzima ikizungusha picha zile zile, na miongoni mwake ile ya binti? Nashauri seva itume orodha ile ya ruhusa kila baada ya sekunde 30, na skrini isiyoipata kwa sekunde 60 ijisafishe, ibaki na majina ya bwana na bibi harusi. Mchoro huu unageuza desturi yetu. Tumezoea kwamba picha hubaki mpaka ije amri ya kuiondoa. Hapa picha hubaki maadamu ruhusa inaendelea kuja. Mtandao ukifa, kosa linaangukia upande usiomdhuru mtu.

La nne ni kashe, yaani nakala zinazohifadhiwa ili ukurasa ufunguke haraka. Seva zetu hupenda kuviambia vivinjari vikae na picha kwa sekunde 31,536,000, yaani mwaka mzima. Kwa nembo ya kampuni, sawa. Kwa uso wa mtu, hapana. Wekeni dakika chache, na mnapoondoa picha, futeni faili kuu, nakala zake zote, na mtume amri ya kuisafisha kwenye seva za kati. Hapa ndipo ule mgawanyo wa Instagram unapotufaa: kwa kuwa ujumbe ulibeba anwani tu, picha yenyewe ilibaki mahali pamoja tunapoweza kupafunga. Kama tungeituma picha yenyewe ndani ya websoketi, tungekuwa tumeigawa nakala kwa kila kivinjari bila njia ya kuifuatilia.

Kisha kuna swali la nani abonyeze. Aliyetuma hana akaunti, maana tulitaka iwe rahisi. Basi wakati wa kutuma, simu yake ihifadhi ufunguo wa siri wa picha hiyo, ili kitufe cha "Ondoa picha yangu" kiwepo kwenye ukurasa ule ule alioutumia. Lakini aliyemo kwenye picha mara nyingi siye aliyeituma. Yeye pia apewe njia: kila picha kwenye ukurasa wa wazi iwe na kitufe cha "Nimo humu, naomba iondolewe". Ombi likija, picha itoke kwanza, maswali yafuate. Na mwenye fitina akiamua kuziondoa zote? Kuondolewa huko kusiwe kuangamizwa. Picha irudi kwenye foleni ya mkaguzi, naye aamue. Picha ya ndafu ikikosekana ukutani kwa dakika tatu, hakuna aliyeumia. Picha ya binti ikibaki dakika tatu zaidi, huenda mtu ameumia.

Sheria imekwisha fika, na mila ilitangulia

Nisieleweke kwamba nahubiri wema mtupu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kifungu chake cha 40 kinampa mtu haki ya kudai taarifa zake zisahihishwe au zifutwe. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliutoza faini ya shilingi 1,850,000 mgahawa mmoja wa Nairobi uliochapisha picha ya mteja wake bila ridhaa, na shule moja ikatozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Hizo zilikuwa picha za kawaida, za watu wakistarehe na za wanafunzi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya kuisimamia ipo. Anayejenga ukuta wa picha leo anakusanya taarifa binafsi, apende asipende.

Lakini mila ilitangulia sheria. Katika harusi za pwani kuna hafla za wanawake peke yao, kama kupamba kule Mombasa, ambako buibui huvuliwa, nywele hutengenezwa, na kila mmoja hujiachia kwa sababu anajua walio ndani ni kina nani. Ni jambo la kawaida katika hafla hizo kupiga marufuku picha, na pengine simu kukusanywa mlangoni. Wale mabibi wanaosimama mlangoni hawajasoma RFC yoyote. Wanajua, hata hivyo, kanuni ambayo programu zetu zimeisahau: kuonekana kuna mipaka ya mahali na ya watu, na mwenye uso ndiye mwenye kauli. Mtu akija kwenu kutaka programu ya hafla kama hiyo, kazi yenu inaweza kuwa kumwambia kwamba usiku huo hauhitaji skrini. Akisisitiza, mjengeeni chumba kilichofungwa: mtandao wa ndani ya ukumbi tu, seva kwenye kompyuta ndogo, na kila kitu kifutwe milango inapofungwa. Kiufundi ni rahisi kuliko kuipeleka picha mawinguni na kuirudisha.

Pingamizi mbili

Nasikia pingamizi mbili kila ninapolisema hili darasani, na zote zina uzito.

Ya kwanza: kuna faida gani kuondoa, ilhali aliyeiona anaweza kuwa amekwisha piga skrinshoti? Ni kweli, nakala iliyo kwenye simu ya mtu hatuwezi kuifuata. Lakini wageni wengi hawapigi skrinshoti. Wanatazama, wanacheka, wanarudi kwenye sahani zao. Kinachoisambaza picha zaidi ni mfumo unaoendelea kuirudia na kiungo kinachoendelea kuifungua. Hivyo viwili ni vyetu. Kutoweza kuzuia yote hakutusamehe tunachoweza.

Ya pili ni nzito zaidi: je, kufuta upesi hakuwafichi wakubwa? Mwaka 2010 huko Uholanzi ulianzishwa mradi wa Politwoops, uliohifadhi na kuonyesha machapisho ya Twitter yaliyofutwa na wanasiasa. Mwaka 2015 Twitter iliufungia API kwa sababu haukutii taarifa za kufuta, kukawa na mjadala mkali, na mwisho wa mwaka huo maafikiano yakapatikana. Mimi nakubaliana na waliosema kwamba kauli ya kiongozi akiwa kazini ni mali ya umma, na wananchi wana haki ya kuikumbuka. Lakini kiongozi huyo ana madaraka, ana msemaji, na alichagua kusema hadharani. Binti aliyeketi nyuma ya ndafu hana hata kimoja. Mfumo wa kumbukumbu za umma ujengwe kwa kusudi hilo, na uwe na wahariri wanaowajibika. Usijengwe kwa bahati mbaya, kwa kuwa fundi wa ukuta wa harusi alisahau kuandika amri ya kuondoa.

Mtihani ninaowaachia

Wanafunzi wangu, nimewaona mkionyesha kazi zenu. Mnashika simu mbili, mnatuma picha kwa moja, inajitokeza kwa nyingine, na darasa linapiga makofi. Mnastahili makofi hayo. Kuanzia leo nawaomba muongeze sehemu ya pili mbele ya wote.

Wekeni picha ikae kwenye skrini tatu. Chomoeni waya wa skrini moja. Ondoeni picha. Pimeni ilichukua muda gani kutoweka kwenye zile mbili zilizobaki. Angalieni kama ile iliyokatika imejisafisha ndani ya muda mlioahidi. Rudisheni waya muone kama picha inafufuka. Kisha chukueni anwani ya ile picha, muiandike kwenye kivinjari ambacho hakijawahi kuifungua, mkaone kama seva bado inaitoa. Jaribieni kijipicha pia, maana husahauliwa mara nyingi.

Mwishoni andikeni namba mbili juu ya ubao: sekunde za kuingia na sekunde za kutoka. Mteja azione zote mbili kabla hajalipa. Ya pili ikiizidi ya kwanza kwa mbali, kazi haijaisha, na msiikabidhi. Na ninyi mtakaoajiri vijana hawa, mtakaoandika mikataba ya kumbi na ya shule na ya matamasha, itajeni namba hiyo ya pili kwenye mkataba, kwa sababu fundi hujenga alichoambiwa kitapimwa.